Gemu Iliyoamsha Kifafa Changu

Nawasalimu nyote mliokuja, na hasa ninyi mliowabeba watoto wenu mkawafunika nyuso, ili jirani asiulize mnaelekea wapi. Mimi naitwa Njeru. Mungu amenisimamisha hapa kwa miguu yangu miwili, ingawa mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, nanyi mtasikia kwa nini. Nimeombwa niseme yaliyonipata. Nitayasema yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu aibu ndiyo iliyokaribia kuniua.

Kwetu ni Umbeere, upande wa Kiritiri, kwenye mtama, ndengu na mbuzi. Baba alinitaka nichunge, lakini mimi moyo wangu ulikuwa kwenye redio. Nikiwa darasa la sita niliifungua redio yake nikashindwa kuirudisha. Nilichapwa. Wiki iliyofuata nikaifungua tena, na safari hiyo ikaongea. Nilipomaliza shule nilisomea ufundi kule Embu, kisha nikahamia Nkubu, maana stima ilikuwa imefika na watu walikuwa wananunua televisheni. Huko nikaoa. Mke wangu anaitwa Kinya, ni Mmeru, na ni fundi wa kushona. Duka langu na lake yalitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Yeye alinisikia nikipiga mluzi, mimi nilisikia cherehani yake. Tulikuwa na binti mmoja, Kendi, ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sijawahi kulala hospitali hata siku moja. Nilipanda mapaa kufunga eriali kama paka.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha pale bwana mmoja wa huko huko Nkubu, anayefanya kazi Nairobi, aliponiletea mashine ya kuchezea gemu. Ilikuwa ya kijivu, unaiunganisha na televisheni. Alisema imekataa kusoma sidii. Niliifungua, nikakuta vumbi kwenye lenzi, nikaisafisha, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Lakini mwenyewe alikuwa amerudi Nairobi na hakuonekana tena kwa miezi. Ndani ya mashine alikuwa ameacha sidii moja. Niliiwasha ili nihakikishe kwamba inafanya kazi. Ndivyo nilivyojiambia.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mauaji ya siri. Wewe ni mtu mmoja uliyevaa nguo nyeusi, huna jina. Unaonyeshwa picha ya mkubwa fulani, unaambiwa yuko ndani ya jengo fulani, na kazi yako ni kumfikia na kumuua bila mtu yeyote kukuona. Huwezi kuingia kwa vita, kwa sababu walinzi ni wengi na risasi mbili zinakumaliza. Lazima utambae. Lazima ujibanze nyuma ya mapipa, uhesabu hatua za mlinzi, ungoje ageuke. Ukikanyaga bati, linalia. Ukitoka kwenye kivuli, umeonekana. Na ukionekana king'ora kinalia, skrini yote inawaka nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe, mpaka unakufa.

Nyinyi ambao hamjacheza kitu kama hicho mtaniona mjinga. Lakini nawaambia, nilikuwa nikijificha nyuma ya pazia la kwenye televisheni na mimi mwenyewe, pale kwenye kiti, ninaacha kupumua. Viganja vilinitoka jasho. Mlinzi akinipita bila kuniona, nilisikia raha ambayo redio haijawahi kunipa.

Nikaanza kucheza saa za kazi. Nilitundika gunia kwenye dirisha la nyuma ili mwanga usiguse skrini, nikasogeza kiti karibu, magoti yangu yakigusa meza ya televisheni. Mutembei, kinyozi wa duka la pili, alikuwa anakuja kuketi nami akikosa wateja. Yeye ndiye aliyekuwa akininong'oneza, "Ngoja, ngoja, bado hajageuka," kama kwamba yule mlinzi angetusikia. Chakula cha mchana nilisahau. Badala yake nilitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, kama vijana wengi wa kwetu, na muguka ukitafuna mchana kutwa, usingizi unakukimbia ukifika kitandani.

Baada ya kama mwezi nikafika hatua ya hoteli. Hapo ndipo nilipokwama. Yule mkubwa alikuwa chumba cha mwisho cha ujia mrefu, na mlinzi amesimama katikati. Hakukuwa na pipa wala pazia la kujifichia. Taa tu, ile taa ndefu ya mrija, mbovu, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, haraka haraka. Njia pekee ilikuwa kuikodolea macho, na ikizima tu, unasogea hatua moja. Ikiwaka, uwe umeganda ukutani. Nilikaa mbele ya taa ile siku baada ya siku. Nilikuwa nikifika nusu ya njia naonekana, king'ora kinalia, naanza tena.

Ugonjwa ulianza kwa vitu vidogo. Asubuhi nikishika kikombe cha chai, mkono unaruka wenyewe, chai inamwagika. Kinya akasema, "Baba Kendi, punguza muguka." Nikasema sawa. Halafu nikaanza kunusa mpira unaoungua. Fundi akisikia harufu hiyo anatafuta waya ulioungua, kwa hiyo nilizima kila kitu dukani nikatafuta, sikuona kitu. Wakati mwingine mteja alikuwa akisema nami nakuta amefika mwisho wa maneno na katikati sikuyasikia. Nilidhani ni uchovu.

Siku ya kwanza niliyoanguka ilikuwa kama saa nane mchana. Nilikuwa peke yangu, kwenye ujia wa hoteli. Nakumbuka ile taa ikipigapiga. Nakumbuka harufu ya mpira. Kilichofuata ni simenti. Nilikuwa nimelala chini, shavu kwenye simenti, mdomo umejaa damu. Ulimi ulikuwa umekatika upande mmoja, nausikia kwa meno kama kipande cha nyama ambacho si changu. Kila msuli uliuma kama nimepakua lori la mchanga peke yangu. Na suruali ilikuwa imelowa. Mimi, mtu mzima, baba wa mtoto, nimejikojolea.

Kinya alikuja mbio aliposikia kishindo. Alinikuta nimekaa, nimefunika mapaja kwa koti.

"Ni nini? Damu ya nini?"

"Stima," nikasema. "Stima imenirusha."

Huo ulikuwa uongo mzuri sana. Nani angebisha? Fundi kurushwa na stima ni kama mchungaji kupigwa pembe. Aliniletea maji ya chumvi nisukutue, akakemea waya zangu, akarudi kushona. Ndani yangu nilijua kwamba haikuwa stima, maana stima naijua. Lakini jina la kitu chenyewe sikutaka hata kulifikiria. Kwetu mtu wa kifafa hali sahani moja na wengine. Anaitwa jina la ugonjwa wake mpaka azikwe.

Mara ya pili Mutembei alikuwepo. Nilikuwa nimeweka redio ya mteja kando na chuma cha solda kinawaka mezani, nikasema nitajaribu ule ujia mara moja tu kabla ya kuendelea na kazi. King'ora kililia, skrini ikawaka nyekundu na nyeupe. Nilianguka juu ya meza. Mkono wangu wa kushoto ukatua kwenye chuma kile cha moto na haukuondoka, kwa sababu mtu aliyeanguka hasikii maumivu wala hawezi kujivuta.

Mutembei hakuuondoa mkono wangu. Simlaumu. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba ukiguswa na mate ya mtu wa kifafa, na wewe umepata. Alirudi nyuma mpaka mlangoni akapiga mayowe. Ni Kinya aliyeingia, akang'oa waya ukutani, akaninyanyua mkono. Alama yenyewe hii hapa. Nyama iliungua mpaka ikawa nyeupe. Nilipopata fahamu nilisikia harufu ya nyama choma, nikauliza nani anapika.

Kinya alikuwa amekaa karibu na kichwa changu, analia bila sauti. Watu wamejaa mlangoni. Hakuna aliyevuka kizingiti.

"Hii pia ni stima, Baba Kendi?" akaniuliza.

Kesho yake wateja watatu walikuja kuchukua redio zao ambazo hazijatengenezwa. Mutembei alipita mlangoni kwangu akitazama upande wa pili. Kinya akasema, "Twende hospitali." Nikamwambia tungoje kidonda kipone kwanza. Akasema, "Basi hiyo mashine izimwe, na juu ya paa usipande tena." Nikamwahidi yote mawili. Akatuma habari Kiritiri kwa mama yangu, na mama akaja na basi la asubuhi, akakaa nasi siku nne. Alinitazama mkono, akanitazama macho, akaomba juu yangu kila jioni. Lakini hakuniuliza swali hata moja, na hilo lilinishangaza, maana mama yangu ni mtu wa maswali.

Mashine sikuizima. Nilipunguza sauti tu ili Kinya asisikie ukutani. Nilijiambia, nikivuka ujia huu mara moja, nikimfikia yule mkubwa, basi, naifunga kwenye boksi. Mkiona mtu anayejua kitu kinamuumiza na bado anakirudia, msimcheke. Mimi nilikuwa na kidonda kibichi mkononi na bado nilishika vile vibonyezo.

Siku ya paa ilikuja wiki tatu baadaye.

Mwalimu mmoja mstaafu, nyumba yake iko kwenye mteremko nje kidogo ya mji, alikuwa amenunua televisheni, na Jumamosi ile kulikuwa na mpira. Alitaka eriali ifungwe kabla ya saa kumi na moja. Hakuwa amesikia habari zangu, au alisikia akadharau. Wakati wengine wote walikuwa wakinikimbia, huyu alinijia kama mtu anayemjia fundi. Nilichukua eriali, nguzo na koili ya waya. Kinya alikuwa amekwenda sokoni kununua nyuzi. Sikumwachia ujumbe.

Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, upande wa chini imeinuka sana kwa sababu ya mteremko, kama ghorofa. Nilipanda kwa ngazi upande wa juu, nikatambaa mpaka kwenye kigongo cha paa. Mwalimu alikuwa chini uani, mkewe ndani mbele ya televisheni.

"Sasa unaona?" nikapiga kelele.

Mwalimu akamuuliza mkewe, kisha akanijibu, "Bado! Chenga tupu! Geuza kidogo upande wa mlima!"

Nikaizungusha nguzo. Kuigeuzia upande ule kulimaanisha nigeuke na mimi, na nilipogeuka, jua la saa kumi lilikuwa mbele yangu. Kati yangu na jua kulikuwa na mstari wa miti ya mukima. Upepo ulikuwa unavuma. Majani yalifunga jua, yakafungua, yakafunga, yakafungua.

Nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

Nilijua. Nataka muelewe kwamba nilijua kabisa. Nilikuwa na muda mdogo sana, labda wa kuvuta pumzi tatu. Ngazi ilikuwa mbali, hatua kama kumi za kutambaa. Chini upande wangu kulikuwa na jiwe la kufulia nguo na shamba la kahawa. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Mkono wa kulia ukaanza kuruka. Kwa ule mwingine, wenye kidonda, nikauzungusha waya wa eriali kwenye kifundo chake, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu sikuimaliza.

Mwalimu ndiye aliyenisimulia. Anasema nilinyooka kama ubao, nikalia sauti moja mbaya, nikaanza kupiga mabati kwa visigino, na kila pigo likanisogeza chini. Anasema alikimbia mpaka chini yangu ameinua mikono, mzee wa miaka sitini na zaidi, kana kwamba angenidaka. Niliteleza mpaka ukingoni, waya ukakaza, nikaning'inia kwa mkono mmoja, bado natetemeka. Nguzo ikapinda. Halafu ikang'oka. Ule waya ulinikata mpaka mfupa ukaonekana, lakini uliniondoa juu ya lile jiwe. Niliangukia kwenye mibuni.

Nilivunjika paja la kulia na mfupa wa bega. Mwalimu aliniweka ubavu bila kufundishwa na mtu, akanifuta mdomo kwa kofia yake. Wakanibeba kwa mlango uliong'olewa bawaba mpaka kwenye gari.

Hospitali ya misheni nilikaa wiki tisa, mguu umetundikwa kwa kamba na mawe ya kuuvuta. Mgongo ulitoka malengelenge. Haja zote kitandani. Usaha ulitoka kwenye kifundo cha mkono, na kila asubuhi muuguzi alipofungua bandeji, mimi nilitafuna shuka. Lakini hayo maumivu ya mifupa yalikuwa afadhali. Nilichoogopa kilikuwa kile kingine, kwamba kitanijia nikiwa nimefungwa pale, mbele ya wadi nzima. Na kilinijia siku ya tatu. Mgonjwa wa jirani aliomba ahamishwe kitanda.

Daktari aliyenihudumia alikuwa mama mmoja mpole, Daktari Gatwiri. Alivuta kiti akaketi, kitu ambacho sikuwa nimeona daktari akifanya.

"Bwana Njeru, umeanguka mara ngapi?"

"Mara moja. Juu ya paa."

Kinya alikuwa amesimama kando, Kendi mgongoni. Akasema, "Mara nne, daktari. Ile ya wadini ni ya nne."

"Na kabla ya kuanguka anakuwa anafanya nini?"

Kinya akanitazama, akaona sitasema, akasema yeye. "Mimi nashona upande wa pili wa ukuta. Mara ya kwanza na ya pili nilisikia king'ora cha gemu yake. Halafu kimya. Halafu kishindo."

Daktari akauliza gemu gani, na ikabidi nieleze. Fikirieni mtu mzima, mguu umening'inia, anamweleza daktari jinsi ya kujibanza ukutani ili umuue mtu wa kwenye televisheni. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliuliza habari za ile taa. Inawaka upesi kiasi gani? Nilikaa umbali gani? Chumba kilikuwa na giza? Nililala saa ngapi?

"Lakini juu ya paa hakukuwa na televisheni," nikasema. Nilikuwa natafuta njia ya kutoroka.

"Kulikuwa na nini?"

"Hakuna. Jua tu. Na miti."

Nilipoitaja ile miti nikayaona tena yale majani, yakifunga na kufungua.

"Una kifafa," akasema. Alilitamka jina lenyewe bila kupunguza sauti. "Kuna watu ambao ubongo wao hauvumilii mwanga unaopigapiga. Gemu haikukupa ugonjwa, Bwana Njeru. Ulikuwa nao umelala. Mwanga, njaa, kukosa usingizi na muguka vimeuamsha. Tutakupa dawa."

Hapo ndipo mama yangu, aliyekuwa amekuja tena kutoka Kiritiri na ameketi chini karibu na ukuta na kikapu chake cha ndengu, alipoinuka. Alizungumza Kimbeere, na ni mimi niliyemtafsiria daktari, neno kwa neno.

"Baba yako alikuwa na mdogo wake," akasema. "Hujawahi kuambiwa. Alikuwa akianguka namna hii. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoangukia kwenye moto jikoni, na hakukuwa na mtu karibu, kwa sababu tulikuwa tunamwacha peke yake. Tulimzika, na baba yako akasema jina lake lisitajwe, msije mkakosa wa kuwaoa. Nilipokuona ule mkono ulioungua nilijua. Nikanyamaza. Nilikuja kwako siku nne, mwanangu, nikanyamaza."

Akaketi tena akajifunika uso kwa leso. Kinya alimfuata akaketi ubavuni mwake. Sijui aliongea naye nini, maana Kinya hajui Kimbeere na mama hajui Kimeru.

Nilianza vidonge siku hiyo. Wiki za kwanza nilikuwa kama mlevi, nalala nikitafuna. Mikono ile iliyokuwa ikiruka asubuhi ilianza kutulia, nikaweza kushika kikombe. Mwezi wa pili sikuanguka hata mara moja. Nilipotoka hospitali nikitembea kwa magongo, nilikuta Kinya amekwisha kuipeleka ile mashine kwa wazazi wa mwenyewe, imefungwa vizuri kwenye boksi. Yule mkubwa wa hoteli sijui kama alikufa. Mimi sikumfikia.

Msidhani nilipona siku hiyo. Baada ya miezi minane bila kuanguka, nilijiona mzima nikaacha vidonge. Sikumwambia mtu. Siku ya tano nilianguka nikiwa nachota maji, sikuamka, nikaanguka tena kabla ya kupata fahamu, na tena. Kinya alinipeleka kwa mkokoteni wa jirani. Daktari Gatwiri alinichoma sindano mbili, akakaa nami mpaka nilipofumbua macho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umekaribia kumwachia mkeo mtoto peke yake." Tangu siku hiyo sijaruka kidonge hata kimoja, na ni miaka mingi sasa.

Basi haya ninayajua, nawapa. Mtu akianguka, ondoa moto na vyuma karibu yake. Mgeuze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimshike kwa nguvu. Kaa naye. Akichelewa kutulia, mkimbize hospitali. Mate yake hayaambukizi. Mpe chakula sahani moja na nduguze. Asiache dawa kwa sababu amepata nafuu. Amepata nafuu kwa sababu ya dawa. Na mwanga ukianza kupigapiga machoni mwako, ziba jicho moja kwa kiganja, geuka, ondoka. Ombeni pia, mimi naomba, lakini ombeni mkiwa mmemeza dawa.

Nimalizie na jambo la hivi karibuni. Nilikwenda Kiritiri siku ya soko kununua mbuzi. Upande wa wauza mkaa nikaona duara la watu, kubwa, na katikati hakuna mtu ila msichana wa kama miaka kumi na minne, chini kwenye vumbi la mkaa, anatupwa na kifafa. Nyanyake alikuwa amesimama naye amejishika kichwa, anawaomba watu radhi. Anawaomba radhi, mnasikia? Kana kwamba mtoto amewatukana.

Niliweka kando fimbo yangu. Kupiga magoti kwa mguu huu si rahisi. Nikavua koti nikamwekea chini ya kichwa, nikangoja, na alipolegea nikamgeuza ubavu. Mate yalikuwa yamejaa povu na damu. Sikuwa na kitambaa, kwa hiyo nikafuta kwa mkono wa shati langu, polepole, kila mtu aone.

"Mzee," mtu mmoja akaniambia kutoka nyuma, "huogopi?"

Nikakunja ule mkono wa shati, nikamwonyesha kovu. "Mimi ni mmoja wao," nikasema. "Naitwa Njeru wa hapa hapa. Nina kifafa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwetu, kwa sauti, kwa lugha ya mama yangu.

Yule msichana alifumbua macho. Alitazama watu, akajishika sketi iliyolowa, akaanza kulia. Nikamfunika kwa koti.

"Nimeanguka tena?" akaniuliza.

"Umeanguka," nikamwambia. "Keti kwanza. Hakuna haraka."

Nyanyake akasogea, akaketi kwenye vumbi upande wake mwingine, akamshika mkono. Tukakaa hapo watatu, mpaka watu wakarudi kwenye biashara zao.

Leo wamekuja. Wako pale mstari wa nyuma, na uso wa mtoto haujafunikwa. Mungu awabariki.